Miaka Yangu ya Kuwapikia Nzi

Vijana wa maabara, siku mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Mtu aliyemaliza kazi mnampa saa ili awahi wapi? Lakini asanteni. Nimeitundika sebuleni na chini yake nimekaa kuandika haya, kwa sababu kwenye ile karamu ya soda na biskuti mmoja wenu aliniuliza: "Mama Mujinga, mbele ya hii mashine ya ADN, mulikuwa munafanya nini?" Yaani kabla ya mashine ya DNA kuja. Wenzake wakacheka. Basi jibu ni hili: tulikuwa tunapika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili viliniruka mimi pia. Nitaandika Kiswahili cha shule kadiri nitakavyoweza, ila watu nitawaacha waseme walivyosema.

Nilishuka treni hapa Kolwezi kutoka Kasaji nikiwa na cheti cha sekondari cha biolojia na kemia, sanduku la mbao, na viatu vya dada yangu. Baba yangu, Muluba wa huku Katanga, alikuwa fundi wa reli Kasaji, na kwa mawazo yake binti aliyesoma kemia atapata kazi hospitalini. Kazi niliyoipata ilikuwa maabara ya jenetiki ya chuo kikuu, nami nilidhani ni mahali pa kupima damu na mkojo, na nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa mkojo. Nilipofungua mlango nikamkuta mwanaume mfupi mwenye koti jeupe, anasonga sufuria kwa mwiko juu ya jiko la umeme. Harufu ya bukari, ugali wetu, na ndizi mbivu ilinipokea. Nikajua nimefika saa ya chakula.

"Jambo, tata," nilisema, yaani baba, nikitaka kumchangamsha. "Na mboga iko wapi?"

"Mboga ya nani?" alijibu bila kugeuka. "Hii ni ya banzi. We utakula ku nyumba."

Huyo ndiye Tata Mbuyi, fundi wa maabara na mwalimu wangu. Wazazi wake walitoka Kasai. Baba yake aliletwa na kampuni ya migodi zamani za Wabelgiji. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akaoa hapa, na Kasai alikuwa hajawahi kuikanyaga hata kwa mguu mmoja.

Nzi wetu hawakuwa wale wa chooni. Walikuwa nzi wadogo wa matunda, wanaopenda ndizi iliyoiva kupita kiasi. Huzaliana haraka, siku kumi hivi kutoka yai hadi nzi kamili, kwa hiyo ndani ya miezi michache unamwona babu, wajukuu na vilembwe, na hakuna anayegombea mirathi. Kila ukoo ulikaa katika chupa yake ya maziwa iliyozibwa kwa pamba: wenye macho meupe, wenye mabawa yaliyojikunja, wenye mwili mweusi. Kila baada ya wiki mbili ukoo ulihamishiwa chupa mpya yenye chakula kipya, la sivyo ulikufa. Krismasi na Pasaka hazikuhesabiwa. Nzi si Wakatoliki.

Kazi iliyonitesa mwanzoni ni kutenga bikira. Ukitaka kuozesha ukoo huu na ule, lazima jike awe hajaguswa, na jike wa nzi huguswa saa chache tu baada ya kutoka kwenye ganda lake. Kwa hiyo alfajiri unafika, unawalaza kwa etha, unawatandaza kwenye kigae cheupe, unatenga wake na waume chini ya lenzi kabla hawajaamka na kuanza mambo yao. Padri mmoja wa mtaa wa Manika alikutana nami sokoni, akaniuliza nafanya nini chuo kikuu. "Natenga bikira, mon père." Alinibariki haraka haraka akaenda zake.

Brashi za Ulaya zilikuwepo kabatini, lakini Tata Mbuyi alisukuma nzi kwa unyoya wa kuku. "Brashi inavunja bawa," aliniambia. "Na ukivunja bawa, mwanafunzi ataandika mu kitabu kama ni urithi." Nimefanya kazi na unyoya mpaka nastaafu. Mnaoucheka unyoya wangu, nendeni mhesabu mabawa yenu.

Bosi wetu alikuwa Profesa Ilunga, mtu wa hapa Katanga, mrefu, wa suti hata kwenye joto. Nzi aliwajua kwa Kilatini na kwa hesabu. Kwa sura hakuwajua. Siku moja Tata Mbuyi alipotoka soko la Manika na ndizi zake, juu ya ndizi kukawa na nzi mmoja mwenye macho ya rangi ya chai. Profesa alimtazama kwenye lenzi akasema ni uchafu wa kioo. Tata Mbuyi hakubishana. Alimwozesha nzi wake na wale wa kawaida, wa macho mekundu, akahesabu watoto. Wote macho mekundu.

"Unaona," alisema Profesa.

"Tungoje, Profesere. Haikupotea. Inajificha."

Kizazi cha pili, katika kila wanne mmoja hivi alitoka na macho ya chai. Profesa aliandika makala, ikachapishwa Ulaya. Jina la Tata Mbuyi lilikuwa mwisho kabisa, pale pa kushukuru watu, baada ya waliotupa umeme. Mkewe, Mama Ngalula, aliifunga ile makala ndani ya kitambaa akaihifadhi sandukuni pamoja na hati ya ndoa. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Alizoea kutuambia kwamba wanawake wengine wanaogopa mume ataoa mke wa pili, yeye wake wenza wake wana mabawa.

Katika wanafunzi wa miaka ile alikuwepo mmoja, Kaumba. Kijana wa maneno mengi, mzuri kwenye mikutano, mbaya kwenye mtihani. Jenetiki alishindwa mara mbili. Hakukubali kwamba kitu kinaweza kuwemo ndani ya mtu bila kuonekana. "Kama haionekane, haiko," alimwambia Tata Mbuyi mbele ya darasa zima.

"Basi akili yako haiko," alijibu Tata Mbuyi.

Darasa lilicheka kwa muda mrefu mno. Mimi nilicheka kuliko wote. Kaumba aliacha chuo mwaka ule, na sisi tukamsahau. Yeye hakutusahau.

Kisha kila kitu kikaanza kuanguka. Mgodi ulipolala, mji wote ulilala nao. Umeme ukawa mgeni, anakuja bila kupiga hodi na kuondoka bila kuaga. Etha ikaisha, tukawalaza nzi kwa kuweka chupa juu ya barafu, na barafu ilipokosekana tukawahesabu wakiwa macho, kazi ambayo siwatakii hata ninyi. Kipwa, msimu wetu usio na mvua, kilipofika na baridi yake, chupa bila taa ya kuzipasha zilikuwa zinakufa. Nilifunga vichupa vya ukoo wa macho ya chai kifuani, ndani ya liputa, kitenge changu, nikatembea navyo mchana kutwa. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu wa tatu wakati ule. Kila mmoja alipata joto lake.

Unga ndio ulileta vita nyumbani. Chuo hakikuwa na unga wa nzi, kwa hiyo mimi na Tata Mbuyi tuliutoa makwetu, kikombe kikombe. Mume wangu alinishika mlangoni na kikombe mkononi.

"We, batoto banalia njaa, na we unapeleka bukari ku banzi?"

"Ni kikombe kimoja tu."

"Banzi bako na kadi ya chama? Bako na baba yao?"

 Nilipeleka kikombe.

Ndipo yakaja maneno. Yalianza kwenye mikutano, yakaingia kwenye redio, yakafika kwenye foleni ya maji: watu wa Kasai warudi kwao, wamekula vya kwetu, wamechukua kazi zetu. Waliwaita bilulu, wadudu. Tata Mbuyi aliposikia mara ya kwanza aliweka mwiko chini akatazama zile chupa. "Bilulu minabijua," alisema. "Bilulu binakula muzuri kuliko mi."

Tulicheka. Wiki iliyofuata walirusha mawe juu ya paa lake. Wiki iliyofuata tena, familia nyingine ilikuwa imeshaingia nyumbani mwake na kutundika mapazia. Yeye na Mama Ngalula walikwenda stesheni, kama maelfu ya wengine, wakajenga kibanda cha turubai kando ya reli kungojea treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Nao watu wale wengi wao walikuwa kama yeye: wanaambiwa warudi mahali ambapo hawajawahi kutoka.

Na bado alikuja kazini. Kila asubuhi alitembea kutoka stesheni, akafua shati kwenye sinki letu, akavaa koti jeupe juu ya singlendi, akawasha jiko kama umeme upo. Nilimwambia, "Tata, balikufukuza mu inchi, na unakuya kupika?"

"Balinifukuza mu nyumba," alisema. "Ku kazi hakuna mutu aliniandikia barua."

Barua haikuja. Alikuja Kaumba.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliingia na vijana watano wenye fimbo na vitambaa kichwani. Sasa alikuwa mkubwa wa vijana wa chama katika mtaa wetu. Alibeba karatasi yenye majina ya wafanyakazi wote wa chuo. Alimkuta Profesa Ilunga amesimama karibu na dirisha, Tata Mbuyi jikoni, mimi kwenye lenzi.

"Profesere," alisema Kaumba, "batu banadanganya. Mutu ya Kasai anasema eko Mukatanga, majina inafanana, hatujue tena nani ni nani. Hapa njo munajua mambo ya damu. Mutapima, mutaandika ku kila jina, na mutapiga kashe, muhuri ya chuo."

Profesa alikohoa. Alieleza kwa Kifaransa kirefu kwamba sayansi haina kipimo cha namna hiyo. Kaumba hakusikia, au alisikia sana. Fimbo moja iligonga meza, chupa tatu zikaanguka, na wenye mabawa yaliyojikunja wakatawanyika sakafuni wakirukaruka kama mchele wa kukaanga.

"Kipimo kiko," alisema Tata Mbuyi.

Sote tulimgeukia. Alitoa kwenye friji, ambayo siku hiyo ilikuwa kabati tu, vichupa vya dawa ya kupima kundi la damu, vile tulivyotumia kuwafundisha wanafunzi. Akafuta kigae kwa kona ya koti. "Tuanze na we, shefu, batu baone namna inatumika."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa ujasiri au uchovu. Alimchoma Kaumba kidole gumba. Alijichoma na yeye. Akaniita mimi, akanichoma. Akaweka matone kwenye kigae na kuyachanganya na dawa, taratibu, kana kwamba ni somo la Jumatatu. Vijana wa fimbo walisogea kutazama. Damu ya Kaumba haikuganda popote. Ya Tata Mbuyi vilevile. Yangu ikaganda vipande vipande kwenye dawa ya kwanza.

"O," alisema Tata Mbuyi akionyesha ya Kaumba. "O," akaonyesha yake. "Na huyu mama ni A."

Kijana mmoja wa fimbo alicheka. "Shefu, kumbe muko na damu moja!"

Mlisikia kisa hiki huko nyuma, najua, maana kilitembea Kolwezi nzima, na kila mtu alikimalizia hapo, kwenye kicheko. Mimi nilikuwepo. Hakikuishia hapo.

Kaumba hakucheka. Aliangalia kigae, kisha akaniangalia mimi ambaye damu yangu ilikuwa tofauti na yake. Akasoma karatasi.

"Mujinga," alisema. "Hii jina iko ya wapi?"

Kwetu Mujinga ni mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni. Watoto wa namna hiyo wanazaliwa Katanga na wanazaliwa Kasai, na jina ni lilelile. Siku hiyo nilikihisi kitovu changu upya. Nilifikiria wanangu watatu chini ya turubai.

"Mi ni wa Kasaji!" nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa, ya sokoni. "Baba yangu ni Muluba ya huku. Ye njo wa kule!" Nikamnyooshea kidole Tata Mbuyi. "Mi siko naye. Benye kutuletea shida ni hao."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika yote, sikupunguza.

Kaumba alitosheka. Alimwendea Profesa na karatasi ili apige muhuri. Profesa, jasho likimtiririka, alisema muhuri unakaa kwa katibu na katibu yuko likizo. Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, niliuona ukivimba kwenye suti. Huo ndio ushujaa wote aliokuwa nao siku ile, na ulitosha, maana karatasi haikupigwa muhuri. Ulizidi wangu.

"Bon," Kaumba alimwambia Tata Mbuyi, akijifuta kidole kwenye koti jeupe la fundi wetu. "Ndugu yangu ya damu, usirudie tena huku. Ngojea treni yako."

Tata Mbuyi aliweka mwiko chini, akavua koti, akalikunja. Alipita karibu yangu na akaenda.

Kesho yake nilikwenda stesheni na sufuria ya bukari na sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimepanga maneno. Mama Ngalula alikuwa amelala ndani ya kibanda, anakohoa, kile kicheko kimekuwa kidogo. Tata Mbuyi alipokea sufuria. "Ulihamisha bachupa?" aliuliza.

"Bado ya macho ya chai."

"Hamisha leo. Utie siki kidogo, ukungu unakuya."

Maneno niliyopanga nilirudi nayo. Nilikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa, siku kumi na moja nzima, kila mara na sufuria, kila mara tukaongea nzi. Siku ya kumi na mbili nilikuta turubai zimelala chini na mafuta ya treni kwenye reli. Treni ilikuwa imewachukua alfajiri, wengine juu ya paa za mabehewa ya mizigo.

Nzi wa macho ya chai waliishi baada ya hapo kipwa kimoja tu, nacho hakikuisha wakiwa hai. Hawakufa kwa baridi. Ilifika siku nilikuwa na kikombe kimoja cha unga nyumbani, na wanangu watatu walikuwa wamekaa chini wananitazama mikono. Niliwapikia wao. Wiki iliyofuata nilifanya vilevile. Profesa aliponiuliza chupa ziko wapi, nilisema utitiri umewaingia. Aliandika "utitiri" kwenye daftari. Vijana, mkilikuta neno hilo kwenye daftari la zamani lenye jalada la kijani, msiliingize kwenye tasnifu. Ni uongo wangu.

Profesa Ilunga alipata kazi nje akaondoka na suti zake. Mimi nilibaki na funguo, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Mengine mnayajua: rangi mpya, mashine, ninyi. Kaumba leo ana duka la dawa Manika na husoma somo kanisani kwa sauti nzuri. Binti yake mmemfundisha wenyewe, amefaulu jenetiki kuliko wote wa mwaka wake. Kwa hiyo lile jambo halirithiwi.

Wanangu walipokuwa wakubwa, nilipanda treni kwenda Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Nilikuwa nimesikia kwamba Tata Mbuyi anafundisha biolojia kwenye sekondari moja huko. Safari ilichukua siku tano, na treni iliharibika mara nne, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kupanga maneno tena. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha darasa, mzee, mvi tupu, anasahihisha madaftari.

Alinijua. Alinipa kiti na maji. Mimi nikaanza na jepesi: nikamweleza kwamba ukoo wa macho ya chai umekufa mikononi mwangu, nikalia.

Aliniacha nilie kidogo. "Mujinga," alisema, "Ngalula alikufa mu ile treni, mbele ya kufika hapa. Tulimuzika pembeni ya reli. Na we umetoka Kolwezi kunililia banzi?"

Ikabidi niseme. Nilisema maneno yangu yote ya siku ile, kama nilivyowaandikia ninyi, na kile kidole. Nikamwomba msamaha.

Alifunika kalamu yake. "Nilisikia siku ile ile. Nilikuwa pale." Akaliweka daftari kando. "Siwezi kukuambia haiko kitu. Ilikuwa kitu. Mu treni nilikuwa nawaza Kaumba kidogo, na we sana." Kisha akasema, "Lakini nilikuwa nangoja mutu mumoja tu wa kule akuye aseme. Umekuya."

 Kesho yake alinipeleka mahali alipozikwa Mama Ngalula, mwendo wa saa mbili kwa njia ya kando ya reli. Pamekuwa mashamba ya mahindi. Hakulijua tena kaburi lenyewe, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia alituonyesha ukanda mrefu wa majani kati ya shamba lake na reli. Alisema jembe lao halivuki pale, walikuta wazee wao hawavuki, ingawa hawajui waliolala ni nani. Tata Mbuyi akamtajia jina la mmoja. Yule mama akalirudia, Ngalula, ili alishike.

Nilimwambia Mama Ngalula pole, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya mwenye shamba. Halafu jua likawa kali, na tulikuwa na baiskeli moja, yake. Wakati wa kwenda aliisukuma tu, kwa heshima. Wakati wa kurudi magoti yalimkataa. Nikafunga liputa vizuri, nikashika usukani, yeye akapanda nyuma akanishika mabegani, na nikaendesha hivyo mpaka mjini, mama mzima nimempakia mzee, watu wakitucheka njia nzima.